Siku Donati Alipoiweka Kamba Chini

Kolwezi, jioni ya kuamkia safari yako

Mama Ngoie, mtoto niliyempa jina la mama aliyenizaa,

Mambo ya soksi nzito, ya pasipoti kukaa karibu na tumbo, ya kutokula ovyo kwenye viwanja vya ndege, mama yako ameshayamaliza, na akisahau moja atakukimbilia nalo hadi mlangoni mwa basi. Hapo sina la kuongeza. Nimekaa nyuma ya nyumba kwenye kiti cha chuma, jua bado lipo kidogo, na ninakusikia ndani ukifunga na kufungua valizi ile ile. Tangu Jumapili hatujazungumza. Unafikiri nimekukasirikia. Parseli nzima, kila anayekaa ndani ya ua huu, inafikiri hivyo, na mimi nimewaacha wafikiri, kwa sababu kila nikitaka kueleza, natoka nje kabla ya neno la kwanza. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Najua unachongoja. Mtoto wa kwetu haendi mbali bila mkono wa baba kichwani, na siku hizi umekuwa ukipita mbele yangu polepole, kama mtu aliyeangusha hereni. Nitakujibu kuhusu mkono huo. Ila nivumilie, maana jibu linapitia mbali, linapitia Musonoi.

Turudi kwanza Jumapili. Tulikuwa tumekula vizuri, bukari na samaki, kila mtu na mahali pake, hadi mdogo wangu, Tata Mudogo wako, alipouliza utakaa kwa nani huko Kanada. Ukasema kwa Yaya Bea, binti wa dada yangu. Akauliza Bea anafanya kazi gani. Mtu mwingine angesema anauza dukani, basi, na tungeendelea kula. Wewe ukasema anauza mbangi. Kwamba huko serikali imeruhusu, kwamba duka lina taa na vioo, watu wanapanga foleni, wanaonyesha kitambulisho, wanapewa mfuko wa karatasi na risiti. Niliona mama yako akiweka kijiko chini.

Sitaficha kwamba na mimi nilishangaa, na bado nashangaa. Jani lile lile. Hapa kijana akikamatwa nalo kwenye mzunguko wa barabara, anapigwa makofi mbele za watu, ndugu zake wanakwenda kumwombea kituoni hadi wachoke. Kule anaambiwa asante, karibu tena. Jani lenyewe halijui limevuka mpaka. Nililala nikiwaza jambo hilo.

Tata Mudogo hakuwaza, alisema. Serikali inayouza mbangi ni serikali gani, na mtoto wetu ataishi vipi katika nyumba inayokula kutoka kwenye sufuria hiyo. Mama Feza wa jirani, ambaye mtoto wake alianza kuvuta akiwa bado shule ya msingi na leo anazunguka sokoni akizungumza na ukuta, alilia bila sauti. Yule kijana wa pikipiki aliyekuja kumchukua shangazi yako akacheka mlangoni, akasema waruhusu na hapa basi, watu wavute kwa amani, na shangazi yako akamwambia kwa mdomo huo hapandi pikipiki yake tena. Ikawa kelele. Ndipo Tata Mudogo akaleta Biblia, akaiweka mbele yako, akakutaka uape kwamba hutaligusa jani hilo maisha yako yote, la sivyo usiondoke.

Ukaitazama Biblia. Nakumbuka ulifuta mikono kwanza kwenye kitambaa. Kisha ukasema:

"Tata Mudogo, mi siwezi kuapa juu ya kitu yenye sijaona. Mi sitaki kuivuta. Lakini nikianguka, nitamuambia Tata, mi mwenyewe, kabla ya mutu mwingine kumuambia."

Nikasimama nikatoka. Hujui nilikwenda wapi, na hujui nilichokisikia katika maneno hayo. Nilisikia mtu mwingine akisema kwa mdomo wako.

Sasa, habari ya Pua. Ulipokuwa mdogo ulifikiri wazee wananiita hivyo kwa ukubwa wake, na uliwahi kuipima kwa vidole nikiwa nimelala. Si ukubwa. Kabla sijaanza kuendesha hili lori la kumwagilia maji barabara za mgodi, nilichimba madini kwa mikono pale Musonoi, katika ule wakati ambao kampuni ya mgodi ilikuwa hailipi na nyumba zetu za Kapata zilikuwa na kuta nzuri na sufuria tupu. Tulichimba kisima kwenda chini, chembamba, upana wa mtu na mabega yake. Mmoja anashuka amefungwa kamba kiunoni. Mmoja anabaki juu ameishika. Ukifika chini unavuta kamba mara moja, maana yake nimefika. Ukivuta mara mbili, maana yake nitoe, na wa juu hakuulizi kwa nini.

Watu wengi pale walivuta mbangi, nisikudanganye. Walisema inatoa woga, na kule chini kuna woga kweli, usidhani ni maneno. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya chochote mahali pale. Hata kuchimba kwenyewe hatukuruhusiwa, tuliingia alfajiri kupitia uzio uliokatwa. Lakini watu hao, waliokimbia kila askari, walikuwa na sheria moja waliyojiwekea wenyewe, na sijaona bado sheria iliyoheshimiwa kuliko hiyo. Anayeshuka avute mbangi akitaka, roho ni yake. Anayeshika kamba asivute, maana roho aliyoishika si yake. Basi. Hakuna bunge lililokaa. Nikiikumbuka mpaka leo natikisa kichwa.

Na sheria ilihitaji wa kuithibitisha. Kila asubuhi mshika kamba alisogea na kumpumulia usoni mtu mmoja asiyevuta, naye akatangaza: ni safi, au si safi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa kijana wa kwaya, sinywi, sivuti, shati linafungwa hadi shingoni. Wakaniita Pua, na nilijivuna, mama. Nilitembea na pua yangu mbele kama vile ni mali.

Mshika kamba wetu aliitwa Donati. Tulikua pamoja Kapata, mstari mmoja wa nyumba. Alikuwa na mikono ambayo sijaona tena, na alivuta kila jioni nyuma ya jiko la mama yake, kila mtu alijua. Asubuhi hakuvuta. Hata hivyo mtaani hakuwa na jina jingine, alikuwa tu mtu wa mbangi. Akina mama waliwaita watoto ndani akipita. Mimi nilifanya kazi naye mchana, na jioni akija kwetu nilizungumza naye akiwa nje ya uzio. Sikumkaribisha kukaa hata siku moja. Roho yangu ilikuwa mikononi mwake kutwa nzima, na kiti sikumpa.

Basi ikawa msimu wa mvua, na mimi nikapata mafua. Si mafua madogo. Nilifika kazini siwezi kunusa hata mafuta ya mama mwuza mandazi aliyekuwa anakaanga mbele yangu. Ningesema tu. Ningesema, ndugu zangu, leo pua haifanyi kazi, tafuteni mwingine. Sikusema. Niliona haya ya kijinga kabisa, kwamba Pua nzima ikose kazi kwa sababu ya makamasi. Donati akasogea, akapumua. Nikavuta hewa kwa kishindo kama mtu anayejua anachofanya, nikatangaza: ni safi.

Siku hiyo zamu ya kushuka wa kwanza ilikuwa yangu. Wakanifunga. Nikakaa ukingoni, miguu ndani ya shimo, Donati akaishika kamba. Akaitazama. Akaizungusha mara moja mkononi, kisha akaiweka chini, taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia.

"Bandugu," akasema, "leo mi hapana. Jino ilinilalisha macho, nikavuta asubui jua ikitoka. Pua anasema niko safi. Mi najijua."

Wakakasirika, na adhabu ilikuwa palepale: aliyevuta siku ya kamba anarudi nyumbani bila fungu, na wiki inayofuata anabeba maji ya wenzake. Na hakuna aliyekuwa na nguvu zake, ilibidi watu wawili washike mahali pake. Hakubishana. Alikusanya shati lake, akaenda, mkono kwenye shavu. Fikiria vizuri, Ngoie. Alikuwa ameshapita. Mimi, jaji, nilikuwa nimeshamsafisha mbele ya wote. Hapakuwa na mtu duniani ambaye angejua. Na mtu aliyekuwa anamwokoa ni mimi, ambaye sikuwahi kumpa kiti.

Nilishuka na wale wawili juu. Nilikuwa nimefika chini, nimejaza mfuko wa kwanza, ukuta wa upande wa kushoto ukaanza kumwagika. Haukuanguka kwa mshindo, ulimwagika tu, kama unga gunia likitoboka, na udongo ukafika magotini kabla sijaelewa. Nikavuta kamba mara mbili. Wakanitoa. Nilipofika juu na kugeuka, shimo halikuwepo, palikuwa na udongo uliolegea tu, na kiatu changu kimoja kilibaki huko, bila shaka kipo hadi leo.

Huwa najiuliza. Labda Donati angenitoa pia, hata akiwa amevuta, mikono ile ilikuwa na akili yake yenyewe. Labda mkono ungechelewa kidogo. Sijui, na hakuna atakayejua. Ninachojua ni kwamba hakutaka maisha yangu yaning'inie kwenye hiyo labda. Nimeona mengi katika mji huu, nimeona mashimo ya mgodi wa Mashamba ambamo lori refu kama nyumba linaonekana kama kiberiti, lakini sijaona kitu kikubwa kuliko yule mtu mwenye jino bovu akiiweka kamba chini.

Nilimwendea jioni ile na kumwambia ukweli kuhusu mafua. Alicheka hadi akalishika shavu kwa mikono yote miwili na kuniomba nisimchekeshe. Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba:

"Weye uko na jina ya musafi, Pua, unaogopa itapotea. Miye balishanichafuaka zamani. Sina kitu ya kuficha."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kidogo. Yule kijana wa pikipiki mlangoni, kama alikuwa amevuta Jumapili, unadhani angemwambia shangazi yako, mama, leo usipande? Angetukanwa, angepelekwa polisi. Kwa hiyo atasema yuko sawa, na atambeba hivyo hivyo, yeye na watoto wa shule wawili mbele. Hapa kwetu tumekataza jani, na tumeishia kukataza hata kukiri. Tata Mudogo anaona kukataza kunatosha. Huko unakokwenda nao wameruhusu, na Bea aliniambia kwa simu mambo yaliyonishangaza, bibi kizee wa magoti mabovu anayenunua kila Ijumaa na kuzungumza habari za wajukuu, jirani wa ghorofa anayelalamika moshi unaingia chumba cha mtoto wake, vijana wanaojisifu wanaendesha vizuri zaidi wakiwa wamevuta. Risiti wanayo. Risiti haiwaambii ni siku gani waiweke kamba chini. Kwa hiyo mimi mwenyewe sijui kama nipige kura huku au kule, ningeulizwa. Nikimtazama mtoto wa Mama Feza nasema wakataze hata kule. Nikimkumbuka Donati, maana na yeye aliwahi kukamatwa akapigwa makofi kwenye mzunguko, nasema hapana, si hivi. Ninayaweka yote mawili moyoni na yanagombana, na nimeyaacha yagombane.

Sasa kazini kuna kifaa. Kila asubuhi, kabla ya kupewa ufunguo wa lori, napuliza ndani ya kimrija, na mara kwa mara wanatupeleka chooni na kikopo. Kifaa hakipati mafua, hilo nakisifu. Lakini kila nikipuliza namkumbuka Donati, maana kifaa kinakukamata tu. Hakiwezi kukufanya useme.

Jumapili nilipotoka nilikwenda kwake. Nilitembea hadi Kapata kwa miguu na viatu vya kanisani. Bado yuko kwenye nyumba ya mama yake, analima kabichi nyuma, nywele zimekuwa nyeupe, na jioni bado anavuta. Jirani zake bado wanaita watoto ndani. Mimi siku hizi nakaa kwenye kiti chake na yeye anakaa kwenye changu, mama yako hapendi sana ila anampa chai. Nilimweleza yote, Biblia, kitambaa ulichofutia mikono, maneno yako. Aliacha hata sigara yake izimike. Akaniomba nirudie ulichosema, nikarudia, akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitegemea. Halafu akauliza:

"Na weye ulimuambia nini?"

Nikasema sikumwambia kitu, nilitoka.

"Basi unanyamaza tena, Pua."

Nilirudi nyumbani na neno hilo njia nzima. Nimelala nalo tangu Jumapili. Nilinyamaza mara ya kwanza kwa sababu ya mafua na haya, na mtu mwingine akasema kweli mahali pangu. Mara ya pili nilinyamaza kwa sababu nilijawa na mshangao, na binti yangu akabaki peke yake mbele ya meza, akifikiri baba yake amemwacha. Unisamehe. Sikuwa na hasira hata chembe. Nilikuwa nimesikia kitu nilichodhani nitakisikia mara moja tu maishani, na kilitoka kwa mtoto niliyembeba mgongoni. Hukuuona ule mgodi, sikuwahi kukusimulia, hakuna aliyekufundisha. Sijui ulikitoa wapi. Mungu ana mambo.

Barua hii nitaiweka juu ya valizi yako kabla ya chakula, ili usilale bila kujua. Kesho Tata Mudogo atakuja kwenye basi na Biblia yake, namjua, na si mtu mbaya, anakupenda kwa namna ya kufunga milango. Atauliza kama umeapa. Utanyamaza wewe, nitasema mimi. Nitasema mbele yake, mbele ya mama yako na shangazi yako na abiria wote, kwamba mimi ndiye nimekataa uape, kwamba mtoto aliyesema atakuja kusema mwenyewe ameshanipa zaidi ya kiapo. Nitaweka mkono kichwani pako. Mkono wote, si vidole tu. Na nikianza kulia usinionee haya, niache nimalize.

Sikuombi usianguke. Ningependa, baba gani hangependa, na nakuambia wazi kwamba ningefurahi ukirudi hujui hata harufu yake. Lakini kama siku moja utashika kitu cha mtu mwingine, mtoto wa Bea, usukani, mgonjwa kitandani maana ndiyo kazi unayokwenda kusomea, na ndani yako unajua hauko sawa, kwa jani au kwa usingizi au kwa huzuni, iweke kamba chini. Sema leo mi hapana. Watakasirika. Waache wakasirike.

Bado kitu kimoja. Huko kuna saa zake na hapa kuna saa zetu, na najua utapata shughuli. Sihitaji maneno mengi. Ukifika, nibipu mara moja, nitajua umefika chini. Na siku yoyote, hata baada ya miaka, hata kama ni aibu gani, ukibipu mara mbili, sitauliza kwa nini. Sijavuta, mafua sina, na nikiwa nayo safari hii nitasema. Niko juu, kamba nimeishika.

Tata yako,
Pua